Lango liko Kakanda, simu iko Ndola: nambari ya nchi nyingine inapogeuka ufunguo wa nyumba

KAKANDA – Kuna tarakimu tatu ambazo kila fundi wa malango katika eneo la Likasi angepaswa kuziogopa: 097. Upande wa Kongo, nambari inayoanza na 097 ni ya Airtel. Upande wa Zambia, nambari inayoanza na 097 ni ya Airtel pia. Zote mbili zina tarakimu 10. Zinatofautiana kwa kitu kimoja tu, kile ambacho watu wengi hawaandiki wanapopeana nambari kwenye karatasi: 243 ama 260.

Katika mazungumzo ya kawaida, kosa hilo linaisha kwa samahani na simu inakatwa. Kwenye lango lina uzito mwingine. Kengele nyingi mpya zinazofungwa kwenye malango na kwenye milango ya majengo, zile zinazoitwa interfoni, zina kadi SIM ndani yake. Mgeni akibonyeza, mashine haimwiti mtu aliye ndani ya nyumba, inapiga simu. Anayepokea anasikia sauti ya mgeni, anazungumza naye, kisha anabonyeza tarakimu moja kwenye simu yake na kufuli linaachia.

Sasa chukua mwenye nyumba anayeishi Ndola. Anamwandikia fundi wa Likasi nambari yake ya 097 jinsi anavyoiandika kila siku, bila 260. Mashine iliyofungwa Kakanda haitaita Ndola. Itaita nambari ya Kongo yenye tarakimu zile zile, na kama nambari hiyo ina mtu, basi mtu huyo ambaye hajawahi kuiona nyumba atapigiwa kila mara mgeni anapobonyeza. Akishika simu na kubonyeza tarakimu inayofaa, hata kwa udadisi tu, amefungua lango la watu wengine.

Jambo hili linaonekana dogo hadi mtu ahesabu ni nyumba ngapi za eneo la migodi zina mwenyewe ambaye haishi ndani yake.

Kakanda si mji wa maghorofa. Ni mji wa madini, kaskazini-magharibi ya Likasi, uliokua kando ya shaba na kobalti ya Gécamines. Hapa mlango unaobishwa ni lango la kiwanja, na kwa miaka mingi aliyekuwa nyuma ya lango ni sentineli. Sentineli alijua sura za watu. Alijua nani ni shemeji wa mpangaji wa nyumba ya nyuma na nani alikuja kudai deni. Mashine haijui sura. Inajua nambari tu, na ndiyo sababu swali la nambari gani imewekwa ndani yake limekuwa swali la nani ana madaraka juu ya nyumba.

Wenye nyumba wa Katanga ya zamani wametawanyika. Kuna walio Lubumbashi na Kolwezi, na hao hawana shida: nambari ya simu ya mkononi ya Kongo haina mji. Simu ya 081 ya mtu wa Likasi na ya 081 ya mtu wa Goma ni sawa mbele ya mashine, na bei haibadiliki kwa sababu ya kilomita. Ugeni wa nambari unaanzia kwenye 243. Wenye nyumba waliohamia Kitwe wana 260, wa Johannesburg wana 27, wa Brussels wana 32, wa Dubai wana 971. Hapo ndipo kengele ya lango inapogeuka simu ya kimataifa.

Katika Marekani, tatizo hilo lilijulikana mapema na kwa namna tofauti kidogo. Huko hata nambari ya simu ya mkononi inabeba alama ya eneo ilikonunuliwa. Kuanzia Novemba 2003 wenye simu za mkononi waliruhusiwa kuhama kampuni wakiwa na nambari yao, na watu wengi walizoea kubaki nayo hata wanapohamia mji mwingine. Lakini kengele ya mlango wa jengo mara nyingi ilikuwa imeungwa kwenye laini ya kawaida ya simu isiyolipiwa kupiga nje ya eneo lake. Mpangaji mpya mwenye nambari ya mji wa mbali alijikuta hawezi kumfungulia mgeni. Dawa yao ilikuwa rahisi: kuchukua nambari ya hapo hapo mjini kupitia intaneti, kisha kuiagiza ipeleke kila simu kwenye ile ya zamani. Wakongomani waliopelekwa huko kama wakimbizi na kupangishwa katika majengo ya namna hiyo wamejifunza mambo haya wakiwa wamesimama nje, na chakula kinapoa.

Kwa Kongo dawa hiyo inatumika nusu tu, na sababu ya kwanza ni pesa.

Katika nchi hii anayepiga ndiye anayelipa. Interfoni ndiyo inayopiga, kwa hiyo ni kadi SIM ya lango inayohitaji krediti, na simu ya kwenda Zambia ama Ubelgiji inakula krediti kwa haraka kuliko ya ndani ya nchi. Mgeni mmoja anayebishana na mwenye nyumba kwa dakika nne anaweza kumaliza unite zilizowekwa kwa mwezi mzima. Krediti ikiisha, mashine haitoi taarifa kwa mtu yeyote aliye karibu. Taa inawaka kama kawaida, kengele inalia kama kawaida, na hakuna simu inayotoka. Mgeni anadhani amedharauliwa.

Nani anaongeza krediti hiyo? Kama hakuna aliyekubali kwa maneno, basi mara nyingi ni mpangaji, kwa sababu ndiye anayekosa wageni. Analipia simu inayompigia mtu mwingine ili mtu huyo aamue kama mpangaji atembelewe.

Wakongomani wanakumbuka jinsi krediti isiyolindwa inavyoweza kutoweka. Kuanzia Septemba 2020 kulikuwa na makato ya RAM, rejista ya vifaa vya simu, yaliyochukuliwa kwenye unite za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na kuendelea. Kelele za raia na za wabunge ziliyaondoa mwaka 2022. Mtu mwenye simu mkononi aliona ujumbe wa makato na akapiga kelele. Kadi iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma kwenye ukuta haina wa kusoma ujumbe wake, ni ya RAM ama ya kitu kingine chochote.

Kuna hata hivyo njia moja ambayo watu wa Kongo wangeweza kuifundisha dunia, kwa sababu wameitumia tangu simu za mkononi zilipofika: bipu. Aina nyingine ya mashine za lango haipigi simu, inapigiwa. Ndani yake kuna orodha ya nambari zilizoruhusiwa. Mtu aliye kwenye orodha anaibipu, mashine inatazama nambari inayoita, inaikata bila kupokea, na inafungua. Hakuna aliyelipa. Kila mtoto wa Likasi aliyewahi kumbipu mama yake ili apigiwe anaelewa mashine hiyo bila kusoma maelezo.

Kwa mpangaji anayerudi usiku ni jambo zuri sana. Kwa mwenye nyumba aliye ng'ambo kuna mtego. Simu inayotoka nje ya nchi haifiki kila mara ikiwa na nambari yake ya kweli. Inaweza kufika bila nambari. Inaweza pia kufika na nambari ya Kongo isiyojulikana, kwa sababu imepitishwa kwenye simboksi, yale masanduku yenye kadi SIM nyingi ambayo walaghai wanayatumia kuingiza simu za kimataifa kama za ndani ili wakwepe malipo. Aliyepokea simu ya ndugu kutoka Ulaya na kuona nambari ya 084 kwenye kioo anajua jambo hilo. Binadamu anasikia sauti na kusema, kumbe ni wewe. Mashine inaona nambari isiyo kwenye orodha na inanyamaza.

Na hapo 097 inarudi, safari hii kwa upande wa hatari zaidi. Baadhi ya mashine hizi hazilinganishi nambari yote. Zinasoma tarakimu za mwisho tu, ili mtu aliyeandikwa na 0 na yule yule aliyeandikwa na +243 wahesabiwe kuwa mmoja. Ni ujanja unaofaa ndani ya nchi moja. Lakini nambari ya Zambia ya 097 ikiwekwa kwenye orodha ya mashine kama hiyo, mtu wa Kongo mwenye tarakimu zile zile anakubaliwa naye. Hajui kwamba ana ufunguo wa nyumba Kakanda. Fundi hajui. Mwenye nyumba hajui. Uwezekano wa mtu huyo kuibipu nambari ya lango kwa bahati ni mdogo sana, lakini nambari za malango hazifichwi: zimeandikwa kwenye simu za mafundi, za wapangaji waliohama, za masentineli waliofukuzwa.

Kwa mafundi, kinga haigharimu kitu. Kila nambari iandikwe na alama ya kujumlisha na alama ya nchi, +243 ama +260, hata ile ya jirani wa ukuta. Hii ni muhimu zaidi kwenye miji ya mipaka. Mashine iliyofungwa Kasumbalesa inaweza kushika antena ya Zambia, kama vile simu za Goma zinavyoshika antena za Gisenyi, na za Uvira zile za Burundi. Kadi ikiwa juu ya mtandao wa jirani, nambari iliyoanza na 0 inasomwa kama nambari ya jirani. Lango la Kasumbalesa linampigia mtu wa Chililabombwe, na krediti inakatwa kwa bei ya msafiri.

Watu wengi wakisikia haya wana jibu moja: WhatsApp. Kuna interfoni zinazotumia intaneti na zinazotuma hata picha ya mgeni kwenye simu ya mkononi popote duniani, na kwa mashine hizo nambari ya nchi haina maana tena. Ni kweli, na kwa jengo la Lubumbashi lenye intaneti ya kudumu na betri nzuri ni chaguo la maana. Lakini interfoni ya kawaida yenye kadi SIM haijui kupiga WhatsApp. Mashine ya intaneti, kwa upande wake, inahitaji intaneti iwepo pande zote mbili, na delestaji ya SNEL haichagui nyumba. Sanduku linalogawa intaneti likizimika, lango limekuwa bubu.

Upande wa pili pia una vizuizi vyake. Katika Falme za Kiarabu, kupiga simu za sauti kwa WhatsApp kumezuiliwa. Ujumbe unapita, sauti haipiti. Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaoishi kati ya Dubai na nyumbani wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. China imeifunga WhatsApp yote. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekwenda Guangzhou kununua bidhaa, akiwa ameacha lango lake linategemea programu ya namna hiyo, ameliacha bila mtu hadi atakaporudi ama atafute njia za kuzunguka.

Kuna pia jambo ambalo nchi nyingine hazilifikirii na Kongo haiwezi kulisahau. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kote, na ujumbe mfupi ukakatwa pia. Ilirudi baada ya karibu siku 20, mwezi wa Januari 2019. Wakati wote huo simu za sauti ziliendelea kupita. Desemba 2011, baada ya uchaguzi mwingine, ujumbe mfupi ulizimwa kwa wiki kadhaa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tena. Mtu anayechagua leo kitu cha kufungua lango lake kwa miaka kumi ijayo anapaswa kuhesabu kwamba ndani ya miaka hiyo kutakuwa na uchaguzi. Kwa hesabu hiyo, simu ya sauti ya zamani, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo iliyobaki imesimama kila mara.

Je, bei za kuvuka mipaka hazikupaswa kushuka? Kenya, Rwanda na Uganda zilianza mtandao mmoja wa simu mwishoni mwa 2014, na Sudan Kusini ikafuata. Walikubaliana kwamba simu kati yao isizidi senti 10 za dola kwa dakika. Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Wakaaji wa Goma na Bukavu walitarajia mengi. Lakini kuingia katika Jumuiya hakukuishusha bei hiyo kwenye simu zao, na uhusiano kati ya Kinshasa na Kigali tangu wakati huo haukuwa wa kujadili bei za dakika.

Kwa Kakanda, hata Jumuiya hiyo ingefanya kazi vizuri, isingesaidia. Zambia haimo. Kongo na Zambia zinakutana katika SADC, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikizungumza juu ya kupunguza gharama za simu za wasafiri kati ya nchi wanachama. Malori yanapita Kasumbalesa usiku na mchana na shaba ya Katanga. Madereva wanatatua jambo hilo kwa njia yao: kadi mbili, simu moja, wanabadilisha wakifika mpakani. Lango haliwezi kubadilisha kadi.

Kwa wasomaji wa Kivu, mada hii si ya starehe za watu wa migodi. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, maelfu ya watu waliondoka na kuacha nyumba mikononi mwa masentineli, wapangaji au majirani. Wengi wao leo wana nambari za 256, 254 ama 257. Kadi ya Kongo imelala kwenye mfuko, haina krediti, pengine haijawashwa tangu walipovuka. Na kadi ya aina hiyo ina mwisho. Kampuni za simu hazihifadhi milele nambari isiyotumika: inafungwa, halafu baada ya muda inauzwa tena kwa mteja mwingine.

Lango halipati habari hizo. Nambari iliyokuwa ya mwenye nyumba mwaka 2024 inaweza siku moja kuwa ya kijana asiyemjua, na mashine itampigia kijana huyo kwa heshima ile ile. Si lango peke yake: nambari hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyofungua akaunti ya pesa za simu, WhatsApp na mengine. Kwa aliye mbali, kuiwasha kadi ya Kongo mara kwa mara, kuiwekea unite kidogo na kuitumia ni gharama ndogo kuliko kurudi na kukuta nambari imeshapata mtu. Na kama amekwisha kuipoteza, jambo la kwanza ni kumwambia aliyebaki nyumbani aifute kwenye mashine ya lango, kabla hata ya kuweka mpya.

Linabaki swali ambalo mafundi hawawezi kulijibu: kwa nini nambari ya mtu aliye Ndola iwe ya kwanza kwenye orodha?

Mashine nyingi za kadi SIM zinakubali nambari zaidi ya moja. Ya kwanza isipojibu ndani ya sekunde zilizopangwa, inaitwa ya pili, kisha ya tatu. Wenye nyumba wengi wanajiweka wa kwanza, kwa sababu ndio waliolipa fundi. Matokeo yake si ya nadharia. Simu ya aliye ng'ambo ikiwa imezimwa na mesajeri ikajibu kwa niaba yake, mashine inahesabu kwamba simu imepokewa. Haiendi kwa nambari ya pili. Mgeni anabaki akisikiliza sauti ya kurekodiwa ikimwomba aache ujumbe. Hata mwenye nyumba anapojibu kweli, mlio wa tarakimu anayobonyeza unaweza kupotea njiani katika simu ya kimataifa. Anabonyeza mara tatu, nne, na kufuli halisikii.

Mgeni huyo akiwa ni muuza mkate, hakuna shida. Akiwa ni mtu aliyeitwa kumpeleka mama mjamzito hospitali saa nane za usiku, ni jambo lingine kabisa.

Sheria haiko kimya hapa. Kitabu cha mikataba cha Kongo, ambacho msingi wake ni dikrii ya 30 Julai 1888, kinamtaka anayepangisha amwache mpangaji atumie nyumba kwa amani. Sheria nambari 15/025 ya 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za biashara, iliongeza mipaka kwa wenye nyumba, ukiwemo ule unaojulikana zaidi wa garanti isiyozidi miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Hakuna mahali sheria hizo zinapotaja interfoni. Lakini mwenye nyumba ambaye kila mgeni wa mpangaji lazima apite kwenye simu yake, tena simu isiyopatikana nusu ya siku, ana kazi ngumu ya kueleza kwamba amempa mpangaji amani hiyo.

Upande wa habari za watu pia ni wa kuangaliwa, maana mashine hizi zinaweka kumbukumbu: nani alifungua, saa ngapi, kwa nambari gani. Zile za intaneti zinaweka na picha. Tangu 13 Machi 2023 Kongo ina kodi ya numeriki, iliyowekwa kwa sheria-agizo nambari 23/010, ambayo inalinda habari za watu binafsi. Orodha ya wanaomtembelea mpangaji ni habari zake binafsi. Kuipeleka kila jioni kwenye simu iliyo Afrika Kusini bila yeye kujua si desturi ya nyumba, ni jambo linaloweza kuulizwa. Na kadi SIM iliyo ndani ya mashine lazima iwe imeandikishwa kwa jina la mtu, kama kadi nyingine zote. Mara nyingi ni jina la fundi, aliyeinunua barabarani ili amalize kazi siku hiyo hiyo. Siku kadi inapofungwa, ni yeye tu anayeweza kwenda kuifungua, kama bado yuko Likasi.

Mpango unaofaa kwa nyumba za namna hii, kwa uzoefu wa vifaa vyenyewe, ni kuugeuza ule uliozoeleka. Nambari ya kwanza iwe ya anayeishi ndani. Ya pili iwe ya jirani ama sentineli mwenye ufunguo wa chuma. Ya mwenye nyumba iwe ya mwisho, na kama iko nje, iwe nambari ya Kongo inayopeleka simu kwake, ili yule anayetaka kujua ndiye alipe sehemu ya njia iliyo ndefu. Kupeleka simu nje ya nchi kunatozwa kwenye kadi iliyoagiza kupeleka, si kwenye ile ya lango. Hilo peke yake linabadilisha ukarimu wa wenye nyumba wengi: anayelipia kila kengele hugundua upesi kwamba wageni wa mpangaji hawamhusu sana.

Wapo watakaosema mwenye nyumba ana haki ya kujua anayeingia kwake, hasa katika eneo ambako nyaya za shaba zinaibiwa na wageni wanakuja kila wiki kutafuta kazi ya mgodi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini kujua na kuamua ni vitu viwili, na mashine nyingi zinaweza kumtumia ujumbe mfupi wa kumwarifu bila kumsubiri. Ujumbe mmoja wa kwenda Zambia ni rahisi kuliko dakika nne za mabishano, na usalama wa lango unategemea zaidi yule anayeweza kutoka nje na taa na kumtazama mtu usoni.

Mpangaji anayetaka kujua lango lake linampigia nani hahitaji kusubiri fundi. Atoke nje saa tano za usiku, afunge, abonyeze kengele mwenyewe, asikilize ni sauti ya nani inayojibu na kwa muda gani. Awe tu amebaki na mtu ndani wa kumfungulia.